Baraza la watu wa aina moja: kisa cha seva ya Mastodon jijini Nairobi

Nilikuwa mmoja wa watu saba walioanzisha seva ya Mastodon, mtandao wa kijamii unaofanana na Twitter, jijini Nairobi mwishoni mwa 2022, na mmoja wa watatu walioifunga mwanzoni mwa 2025. Majina ya watu na ya seva nimeyaondoa, idadi za akaunti nimezikadiria, na mahali pawili nimebadilisha kidogo ili mtu asitambulike. Lawama zangu mwenyewe nimeziacha zilivyo.

## Usuli

Tarehe 27 Oktoba 2022 Elon Musk alikamilisha ununuzi wa Twitter kwa dola bilioni 44. Siku chache baadaye wafanyakazi wa ofisi yake ya Afrika, iliyokuwa Accra, wakajikuta nje. Nairobi tulilipokea hilo kama msiba wa jirani. Twitter ndiyo ilikuwa baraza letu. Hapo ndipo Wakenya walipoisuta CNN mwaka 2015 kwa #SomeoneTellCNN, hadi mkubwa wake mmoja akafunga safari kuja kuomba radhi. Sasa baraza lilikuwa limenunuliwa na mtu mmoja aliye mbali, na hatukuwa na la kusema.

Tulikutana ghorofani kwenye mkahawa mmoja karibu na Ngong Road: waandishi wanne wa programu, mtafiti, mwanahabari na mwalimu wa sekondari. Uamuzi ulichukua jioni moja. Mastodon, mradi ulioanzishwa Ujerumani mwaka 2016 na Eugen Rochko, ilikuwa ikifurika wakimbizi wa Twitter, na programu yake ni ya bure. Yeyote mwenye seva anaweza kuiweka.

Mkenya ukitaka kumweleza kitu hiki, mweleze kwa ugatuzi. Hakuna makao makuu. Kila seva ni kama kaunti yenye gavana wake, sheria ndogo zake na daftari lake la wakazi. Kaunti hizo hupelekeana barua kwa lugha moja, itifaki iitwayo ActivityPub, ambayo shirika la W3C liliipitisha kuwa kiwango rasmi Januari 2018. Mkazi wa seva yetu angeweza kumfuata na kumjibu mkazi wa seva ya Berlin bila kufungua akaunti huko. Mfano huo niliurudia kila nilipopewa nafasi ya kusema, na watu waliitikia kwa vichwa. Una tundu kubwa, ila wakati ule sikuliona.

Kwenye ukurasa wa kwanza tuliandika: baraza la kila Mkenya.

## Akaunti 300

Kufikia Januari 2023 tulikuwa na akaunti kama 300 na tulijiona tumefika. Aliyetuamsha ni mwalimu. Jioni moja aliinua macho kwenye simu akauliza, "Hebu niambieni, humu ndani ni nani asiyelipwa kukaa mbele ya kompyuta?"

Tukapitia orodha. Waandishi wa programu, watafiti wa mashirika, wanahabari, wanafunzi wa vyuo wa fani zizo hizo. Wanaume wengi kupita kiasi. Machapisho karibu yote kwa Kiingereza, na mengi yalihusu Mastodon yenyewe: namna ya kuisanidi, ubora wake, ubaya wa kule tulikotoka. Ni kama mtu aliyehamia nyumba mpya akashinda mwaka mzima akizungumzia milango.

Kufikia hapo tulikuwa tumeshafanya uamuzi mmoja mbaya bila kujua kwamba ni uamuzi. Siku ya kuzindua tulihitaji kanuni, na usiku ulikuwa umekwenda. Tukanakili za seva moja kubwa ya Ulaya, tukabadilisha jina. Sababu ilikuwa na mantiki: seva kubwa huzikata zile zenye kanuni legelege, na ukikatwa, wakazi wako hawasikiki tena upande ule. Ila kanuni zile zilitaka mtu afunike chapisho lake kwa onyo, yaani msomaji aone onyo kwanza na abonyeze ndipo asome, kila anapogusa siasa, na zilipendekeza afanye vivyo hivyo kwa picha za nyama. Mkenya ukimwondolea siasa na nyama, umembakishia mvua na foleni za matatu.

## Jumamosi ya Kayole

Machi 2023 tuliamua kuwafuata watu waliko. Mwalimu alikuwa na shangazi yake Kayole, mwenyekiti wa chama cha akina mama 14, wengi wao wafanyabiashara wadogo. Hoja yetu ilikuwa kwamba chama kikihamisha matangazo yake kwetu, kila mama atavuta wateja na jamaa zake. Tukaenda wawili, tukasubiri wamalize kuchanga, tukapewa chai na mandazi, kisha tukatoa simu.

Kujiandikisha kunahitaji imeili. Nilipoitaja, mwenyekiti akanitazama.

"Imeili gani? Ile ya fundi?"

Ilichukua muda kuelewa. Wengi wao waliponunua simu, fundi wa dukani aliwafungulia akaunti ya Google palepale ili Play Store ifanye kazi. Jina alilitunga yeye na paswadi alijiandikia. Mama mmoja alikumbuka kwamba yake iliandikwa kwenye boksi la simu, na boksi lilikuwa limeenda ushago limebeba mbegu. Katika watu 14, watatu tu ndio waliojua paswadi zao. Kwa hiyo tukaanza kufungua imeili mpya, kila moja ikisubiri ujumbe wa uthibitisho kwenye namba ya simu. Halafu kurasa zikawa hazifunguki, maana baadhi walikuwa na bando ya WhatsApp peke yake siku hiyo. Mwenzangu akawasha hotspot. Saa mbili na nusu zilipita, tukapata akaunti sita.

Mwenyekiti anauza nguo za watoto. Alipiga picha ya jaketi tatu zikiwa zimening'inia kwenye waya, akaichapisha na bei, akaweka simu mezani kama mtu anayesubiri maji yachemke.

"Mko wangapi huko ndani?"

"Mia tatu hivi, Shangazi. Lakini wa dunia nzima wanaweza kuona."

"Wa Kayole je?"

Sikuwa na jibu. Baada ya muda likaja jibu la kwanza, la mtu wa Ujerumani, limeandikwa kwa adabu kabisa. Nikamtafsiria: anaomba uongeze maelezo ya picha.

"Anataka kununua?"

"Hapana, Shangazi. Anataka uandike picha inaonyesha nini."

"Kwani yeye haioni?"

Nikaanza kueleza kuhusu wasioona na programu zinazowasomea kioo cha simu. Alinisikiliza vizuri, akakubali kwamba ni jambo jema. Kisha akaiweka picha ileile kwenye status yake ya WhatsApp. Kabla hatujamaliza chai alikuwa amepata watu wawili wanaouliza saizi.

Kufikia Mei hakuna hata mmoja kati ya wale sita aliyekuwa akiingia.

## Kisa cha onyo

Hiki ndicho ninachokionea aibu zaidi.

Katikati ya 2023 tulikuwa na mwanachama kijana, msichana mwenye mdomo mtamu na mkali, aliyeandika kwa Kiswahili na Sheng. Machapisho yake ndiyo pekee yaliyonifanya nicheke. Siku moja alisimulia jinsi mlinzi wa supamaketi moja ya mitaa ya kitajiri alivyomfuata rafu hadi rafu, huku wazungu wawili wenye mabegi mgongoni wakipita bila kutazamwa. Safari hii aliandika kwa Kiingereza, na chapisho likasambaa hadi seva za nje. Likarudi na majibu: funika hili kwa onyo, ubaguzi ni mada inayoumiza, wengine hatukuja hapa kusoma mambo haya. Mmoja aliripoti chapisho kwetu.

Wasimamizi watatu tulijadiliana hadi usiku. Kanuni tulizozinakili zilikuwa upande wa mlalamikaji. Seva yake ilikuwa kubwa, na tulihofia kukatwa. Tukaamua kumwandikia dada huyu faraghani, kwa upole, tukimwomba afikirie kuweka onyo. Jibu lake lilikuwa mstari mmoja: "Kwani mimi ndiye onyo?" Kesho yake akaunti haikuwepo, na wenzake wanne watano wakaondoka katika wiki hiyo bila kusema neno.

Tungekuwa tumesoma yaliyotangulia, tusingeshangaa. Novemba 2022, wimbi la Twitter lilipokuwa likiingia, Wamarekani Weusi walilalamika hadharani kwamba wanaambiwa kufunika simulizi zao za ubaguzi kwa onyo. Kabla ya hapo, seva ya PlayVicious, iliyojengwa na kuendeshwa na watu Weusi, ilifungwa mwaka 2020 baada ya kuandamwa na unyanyasaji. Zana ya onyo haina ubaya. Ilibuniwa kumlinda msomaji. Kwetu ilimlinda msomaji dhidi ya mwandishi, nasi tukawa askari wake.

Mmoja wetu aliwahi kuajiriwa kukagua picha na video za kutisha kwa niaba ya mtandao mkubwa, kazi ambayo Nairobi inaijua vizuri hadi mahakamani. Baada ya usiku ule aliniambia, "Kule nililipwa kidogo. Hapa silipwi kabisa, na bado nafukuza watu wetu." Alijiuzulu Septemba.

## Taka, na mlango uliofungwa

Februari 2024 seva ndogo nyingi zenye usajili wazi zilivamiwa. Mashine zilifungua akaunti kwa mamia na kumwaga spamu kila pembe. Yetu haikusalimika. Tulifunga usajili wazi, tukaweka utaratibu wa maombi: mtu aeleze kwa nini anataka kujiunga, msimamizi apitishe.

Spamu iliisha. Lakini tulikuwa wasimamizi wawili wenye kazi nyingine, na ombi lilikaa siku mbili, tatu. Tena fikiria swali lenyewe. "Kwa nini unataka kujiunga?" Mwandishi wa programu atakuandikia aya nzima kuhusu uhuru wa data. Dereva wa boda aliyetumiwa kiungo na rafiki ataona amekutana na mahojiano ya kazi. Kichujio cha spamu kikageuka kichujio cha watu.

## Juni 2024

Mswada wa Fedha wa 2024, uliotaka kuongeza kodi, ndio uliotuonyesha tulivyo. Vijana walitafsiri vipengele vyake kwa lugha za nyumbani kwenye TikTok. Hashtegi ya #RejectFinanceBill2024 ilijaa X, jina jipya la Twitter. Barabarani waandamanaji waliwasiliana kwa Zello kama redio za upepo. Tarehe 25 Juni umati uliingia Bungeni, na Julai 5 Rais Ruto mwenyewe alikaa kwenye X Spaces kujibu vijana.

Kwetu, siku ya Juni 25, nilihesabu machapisho 11. Mawili yalikuwa yangu.

Waliokuwa wameapa kutorudi Twitter walirudi wiki hiyo, na siwezi kuwalaumu. Hasira ya raia inataka kusikika na anayekasirikiwa, na wabunge walikuwa kule. Hashtegi kwenye seva ndogo huonyesha tu machapisho yaliyokwisha kuifikia seva hiyo, kwa hiyo mtu aliyefungua kwetu aliona nchi iliyotulia. Utafutaji kamili wa maneno uliingia Mastodon katika toleo la 4.2, Septemba 2023, kwa wale tu wanaoridhia machapisho yao yatafutwe, tena unahitaji programu ya ziada inayokula kumbukumbu ya seva. Hatukuwa na fedha hizo.

Kulikuwa pia na hofu, na hii haiandikwi mara nyingi. Seva ilisajiliwa kwa jina na kadi ya benki ya mhandisi wetu mmoja, baba wa watoto wawili. Siku ambazo habari za watu kutekwa zilikuwa kila mahali, alituuliza: nikija kudaiwa data za mtu, nani atasimama nami? Kampuni kubwa ina mawakili. Yeye alikuwa na sisi. Alisimamisha maombi mapya kwa wiki mbili, wakati ambao pengine ndio pekee watu wangekuja.

## Kufunga

Fedha ndizo zilizohitimisha. Seva ilikuwa Ulaya na ililipwa kwa euro. Mchango ulikuja kwa M-Pesa, shilingi mia, mia mbili. Mwisho wa Januari 2024 dola moja ilikuwa imepita shilingi 160, euro ikiwa juu zaidi. Shilingi ilipanda baadaye, lakini uhifadhi ulikuwa ukikua kila mwezi, maana kila seva hujiwekea nakala za picha zinazotoka kwa watu wanaofuatwa na wakazi wake. Tulikuwa tunalipia picha za paka wa Uholanzi.

Oktoba 2024 tulitangaza kufunga, tukatoa miezi mitatu, kama wanavyoahidi walioweka seva zao kwenye orodha rasmi ya Mastodon. Akaunti zilizokuwa hai zilikuwa kama 40. Mwisho wa Januari 2025 tukazima.

## Uchambuzi

Maelezo yanayopendwa na wahandisi ni kwamba watu wa kawaida hushindwa na ugumu wa kuchagua seva. Siyakubali. Akina mama wa Kayole hawakuchagua chochote, tuliwachagulia. Bluesky, mtandao mwingine wa aina hii, iliacha kudai mwaliko Februari 2024, ina mlango mmoja usio na cha kuchagua, na katika watu ninaowajua Nairobi walioingia ni walewale 300 wangu. Tazama Brazili, kinyume chake: X ilipozuiwa huko kwa amri ya mahakama kutoka mwisho wa Agosti hadi Oktoba 8, 2024, Wabrazili walihamia Bluesky kwa mamilioni, kwa pamoja. Mtu haachi mtandao, huacha watu. Atahama watu wake wakihama, na mara nyingi ni kwa kufukuzwa. Sisi tulikuwa tukimwomba mama mmoja mmoja ahame sokoni kabla ya wateja wake.

Lakini hilo linaeleza uchache. Halielezi kwa nini wachache wenyewe walifanana. Hapo nadhani jibu ni nani alitangulia. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni huja na lake, na nyumba hupata nafuu. Sisi tulimpokea kila mgeni kwa somo: weka maelezo, weka onyo, eleza kwa nini umekuja. Desturi hizo zilikuwa zimetungwa na watu wa aina moja kwa mahitaji yao halali, kisha zikawa adabu ya ulimwengu. Aliyefanana nao aliziona kama ustaarabu. Asiyefanana nao aliona anasahihishwa tangu mlangoni. Hakuna aliyekusudia kumfukuza mtu, ndiyo maana ilikuwa vigumu kuiona.

Sasa lile tundu la mfano wangu. Katiba ya 2010 haikugawa madaraka pekee. Kifungu cha 203 kinataka kaunti zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa, na Turkana na Mandera hazingesimama bila mgao huo. Mitandao hii imegatua kazi, lawama, hatari ya kisheria na bili, bila mgao wowote. Seva hubaki kwa wenye muda wa ziada, kadi inayolipa euro na ujuzi wa kompyuta. Wenye vitu hivyo vitatu Nairobi wanajulikana, tulikuwa tumekaa wote meza moja Ngong Road. Anayeweza kuendesha seva ndiye anayeamua kanuni, na wanaokuja ni wanaofanana naye. Ndiyo maana nadhani hata tungekuwa na roho nzuri mara mbili, matokeo yangekaribia haya.

Kuna kilichofanikiwa. Mwanafunzi mmoja asiyeona alijiunga mapema 2023 na kubaki hadi siku ya mwisho. Kwake ile desturi ya maelezo ya picha, iliyomchosha mwenyekiti wa Kayole, ilikuwa mara ya kwanza kuwa mtandaoni bila kuuliza watu wamecheka nini. Kwa hiyo nisingefuta kanuni ile. Ningetaka msimamizi amwandikie mama maelezo yake mara kumi za kwanza, kwa Kiswahili, bila kumkosoa, lakini hiyo ni kazi, na kazi hulipwa. Tulipofunga, mwanafunzi huyu aliuliza kama anaweza kuhama na maandishi yake. Wafuasi huhama, machapisho hayahami. Alipakua faili lake, na hadi leo hana pa kuliweka likasomeka.

Kama ningeanza tena, nisingeanza na taifa. Ningechukua chama kimoja chenye jambo linalokisumbua ambalo WhatsApp hailitatui, kanuni ziandikwe na wanachama, msimamizi atoke kwao na alipwe kabla ya bili ya seva. Sijui jambo hilo lingekuwa lipi. Kayole hatukuuliza. Tulikuwa na haraka ya kufungua akaunti.

Mwenyekiti alinitumia sauti mwaka huu, akiuliza kama ile kitu yetu bado iko. Nikamwambia tulifunga. "Woi, pole," akasema, "na ile imeili yangu haijafungwa nayo?" Ndiyo anayotumia kuingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali.